Natoka vinyasa kwenda Iyengar: nianzie wapi nyumbani, na nijifunzie wapi?

Kipepeo_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nafanya yoga ya vinyasa kwa video, zile za nusu saa ambapo kila pumzi ina mkao wake na hakuna kutulia. Sasa nataka kuhamia Iyengar, mtindo wa yoga wa kutulia kwenye mkao mmoja kwa msaada wa vifaa, kwa sababu vifundo vya mikono vinauma kila nikishuka Chaturanga (kushusha mwili karibu na sakafu kwa nguvu za mikono), na goti la kulia linagoma nikikunja miguu kukaa. Huku Tanga mwalimu wa mtindo huo sijampata.

Naomba msaada wenu. Vifaa gani ni vya lazima, na vipi vinaweza kutengenezwa na fundi au kupatikana humu humu ndani? Nianze na mikao ipi, nikae muda gani? Na nijifunzie wapi: kitabu, video au darasa la mtandaoni? Nina chumba chenye ukuta mtupu wa mita 2 na sakafu ya marumaru. Fedha ni ya kubana.

Mkeka_na_Ukuta

Karibu sana. Nianze na vifaa, maana watu wengi wanavichukulia kama pambo au msaada wa wazee, halafu wanashangaa kwa nini hawapati kitu.

Kwenye vinyasa unahama kabla mwili haujasema lolote. Kwenye Iyengar unaingia mkao mmoja, unakaa sekunde 30 hadi dakika nzima, na muda wote huo una kazi: kisigino kimekanyaga? Pia ya goti imevutwa juu? Kifua kimeelekea wapi? Kazi hiyo haiwezekani kama nguvu zote zinaishia kupapasa sakafu. Kifaa kinaipandisha sakafu hadi mkono wako ulipo, ili upate nafasi ya kushughulikia mguu. B.K.S. Iyengar (1918–2014), mwanzilishi wa mtindo huu, alianza kufundisha Pune, India, mwaka 1937, na vifaa hivi alivibuni kadiri alivyokuwa akifundisha wagonjwa na watu wenye viungo vigumu. Kwa hiyo usivione kama hatua ya kupita haraka.

Ukuta unao, na ndicho kifaa namba moja. Usiuwekee kabati.

Matofali mawili ya mbao. Nenda kwa seremala, mwambie akukatie sm 23 × 12 × 7.5, yote mawili sawasawa kabisa, maana tofauti ya nusu sentimita utaiona nyongani. Apige msasa kona zote ziwe za mviringo. Asipake vanishi: mkono wenye jasho juu ya vanishi unateleza. Mbao ya msonobari inatosha, mninga ni mzuri ila mzito. Tofali la kuchoma linamomonyoka, na rundo la vitabu linahama ukiliegemea.

Mkanda wa mita 2 hadi 2.5. Kwa kuvuta mguu ukiwa umelala, kanga iliyokunjwa kwa urefu inafanya kazi vizuri, haivutiki kama mpira. Upungufu wake ni kwamba haifungiki kwa kipimo kimoja, na kuna mikao inayotaka kitanzi kisicholegea. Kwa hiyo mpelekee fundi wa mabegi, akukatie ukanda wa begi wenye upana wa kama sm 4 na kuushonea pete mbili za chuma upande mmoja. Gharama yake ni ndogo.

Mablanketi manne yenye uzito, yale ya kijivu yasiyo na manyoya mengi. Duveti na sponji havifai. Sponji inakudanganya: ukiipima kwa macho ina sm 10, ukiikalia inabaki 3, na upande wenye uzito zaidi unazama zaidi.

Kiti cha chuma cha kukunja. Kile cha plastiki cheupe kisahau kabisa kwa kazi hii. Miguu yake inatanuka kwenye marumaru ukikiwekea uzito kwa upande, na kinaweza kupasuka bila dalili.

Mto mrefu, urefu sm 60 na zaidi, upana sm 20 hadi 25. Kwa kuanzia viringisha mablanketi mawili kwa kuyabana, ufunge na kanga. Ukitaka wa kudumu, shonesha mfuko wa turubai laini ujaze sufi, ambayo kwa pwani si ngumu kupata. Ijaze kwa kushindilia, maana sufi hulala baada ya muda na mto unakuwa bapa.

Mkeka wa yoga uwe wa mm 4 au 5. Ile minene ya mm 10 inayouzwa kwa mazoezi ya tumbo inafanya kifundo cha mguu kiyumbe ukisimama kwa mguu mmoja. Mkeka wa ukindu nao unateleza kwenye marumaru, utumie kwa kulala tu.

Kama fedha ni ya kubana, mpangilio wangu ni huu: mkeka na matofali kwanza, mkanda, kisha kiti. Mablanketi bila shaka unayo mawili tayari.

BintiMvita

Dada Kipepeo, pole na magoti. Mkeka_na_Ukuta amemaliza upande wa vifaa, mimi niende kwenye mikao.

Mwezi wa kwanza, mikao tisa au kumi inatosha. Mfululizo mmoja wa dakika 40 hadi 45, siku nne kwa wiki, bila kubadilisha kila siku. Anza na Tadasana (kusimama wima) dakika 1, kisha Vrksasana (mti, kusimama mguu mmoja) mgongo ukiwa ukutani, Trikonasana (pembetatu), Virabhadrasana II (shujaa wa pili) na Parsvakonasana (kuinama ubavuni goti la mbele likiwa limekunjwa), kila upande sekunde 30, mara mbili. Halafu kuinama nusu ukiwa umeweka viganja ukutani, dakika 1. Chini: Supta Padangusthasana (kulala chali na kuvuta mguu mmoja juu) kwa mkanda, dakika 1 hadi 2 kila mguu, Dandasana (kukaa wima miguu imenyooshwa mbele) juu ya blanketi, Viparita Karani (kulala miguu ikiwa juu ukutani) dakika 5, na Savasana (kulala chali na kupumzika) dakika 5 hadi 10. Savasana usiikate hata ukichelewa. Punguza mkao mwingine.

Nitaueleza mmoja kwa kina ili uone kazi ilivyo, Trikonasana, kwa sababu ndio unaokosewa na wengi waliotoka vinyasa.

Simama mgongo ukielekea ukuta, visigino karibu sm 5 kutoka ukutani. Tanua miguu sm 90 hadi 105, kutegemea urefu wako. Geuza mguu wa kulia nje nyuzi 90, wa kushoto uingie ndani kidogo. Kisigino cha kulia kiwe kwenye mstari mmoja na katikati ya wayo wa kushoto. Tofali lisimamishe kwa urefu wake nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia, upande wa nje. Kabla hujainama, kaza mapaja yote mawili mpaka uone pia za magoti zimepanda. Kandamiza ukingo wa nje wa mguu wa kushoto. Huo wa nyuma ndio nanga, na ndio kila mtu anausahau.

Sasa nyoosha kiwiliwili kuelekea kulia, mkono utue juu ya tofali. Tako la kulia, mabega yote mawili na kichwa vitafute ukuta. Kama bega la kushoto limeuacha ukuta na kifua kinatazama sakafu, umeshuka mno. Panda: tofali likiwa fupi, weka mkono kwenye kiti. Goti la mbele liangalie: lielekee kidole cha pili cha mguu. Likirudi nyuma kupita wima, yaani mguu ukawa kama upinde, uzito wote umeangukia kwenye kano za nyuma ya goti. Weka tofali la pili kwa kuliinamisha nyuma ya shavu la mguu, liguse tu, na usukume shavu mbali nalo. Utahisi paja linaamka.

Kutoka: kandamiza kisigino cha nyuma, panda na pumzi ya kuingiza. Usipande kwa kuvuta kichwa.

Vifundo vya mikono: Chaturanga iache kabisa kwa miezi ya mwanzo. Maumivu mengi pale yanatokana na uzito kumwagikia kwenye tako la kiganja huku vidole vikiwa vimelegea, na viwiko vikitanuka nje. Adho Mukha Svanasana (mbwa anayetazama chini) ifanye mikono ikiwa juu ya kiti kilichoegemea ukuta, au juu ya matofali yaliyowekwa ukutani. Tandaza vidole, sukuma shina la kidole cha shahada na la gumba, kisha peleka mapaja nyuma mpaka uzito uhamie miguuni. Mikono ikianza kuwa myepesi, hapo umepata. Rudi sakafuni baada ya wiki kadhaa bila maumivu.

Goti: ukikunja miguu, kalia mablanketi matatu yaliyokunjwa, mpaka magoti yawe chini kuliko nyonga. Mara nyingi goti linagoma kwa sababu nyonga haigeuki, na goti haliwezi kugeuka kwa niaba yake. Jaza pengo chini ya goti la kulia kwa blanketi. Virasana (kupiga magoti na kukaa katikati ya visigino) nayo ifanye ukiwa juu ya tofali, lililolazwa au kusimamishwa kwa kadiri unavyohitaji, na kabla hujakaa, tumia mikono kugeuza shavu la mguu nje na kulivuta kuelekea kisigino. Mvuto wa mbele ya paja ni sawa. Mchomo wa ndani ya goti si sawa hata kidogo. Ongeza kimo, na ukiendelea acha mkao huo, muone daktari au mtaalamu wa viungo.

Tumbo liwe tupu: saa nne baada ya mlo mzito, saa moja baada ya kitu chepesi.

MtuWaMuttrah

Salaam aleikum nyote. Niwaongezee kuhusu mahali pa kujifunza.

Kitabu cha msingi ni *Light on Yoga* cha Iyengar mwenyewe, kilichotoka mwaka 1966. Kina mikao zaidi ya 200 na picha karibu 600. Kila mkao umepewa namba ya ugumu kuanzia 1 hadi 60, na nyuma kuna ratiba ya wiki kwa wiki inayofika wiki 300. Kwa mtu aliye mbali na mwalimu hicho ndicho cha kununua kwanza: unafungua ratiba, unafuata. Video zinakuchanganya, kila moja na maneno yake.

Kwa walio Dar, kituo cha utamaduni wa India, Swami Vivekananda Cultural Centre, kina madarasa ya yoga. Si Iyengar, lakini kuwa na jicho la mtu juu yako ni bora kuliko kutokuwa nalo. Na karibu na tarehe 21 Juni, siku ya yoga ya kimataifa, balozi za India hufanya mikusanyiko ya wazi. Nenda, uliza walimu waliopo, mara nyingi wanajuana.

Mkeka_na_Ukuta

Ndugu MtuWaMuttrah, kwenye kitabu nakupinga kwa heshima. Ni hazina, ninakubali. Kama kitabu cha kwanza cha mtu aliye peke yake, hapana. Picha zile zinaonyesha mkao uliokamilika kwenye mwili wa mtu aliyefanya hayo maisha yake yote, karibu zote bila kifaa chochote. Sarvangasana (kusimama kwa mabega) pale imefanywa bila mablanketi chini ya mabega, na ratiba inaileta mapema sana. Baadaye yeye mwenyewe na chuo chake cha Pune, kilichofunguliwa 1975, walihamia kwenye mablanketi ili shingo isibanwe. Mtu wa Tanga akiiga picha tu, anaiga kile ambacho mtindo wenyewe ulishakiboresha.

Cha kuanzia ni kitabu kidogo cha binti yake, Geeta Iyengar (1944–2018), *Yoga in Action: Preliminary Course*. Ni chembamba, kina mikao ya msingi tu na mifululizo iliyopangwa tayari. *Light on Yoga* kinunue baadaye, ukikitumia kusoma maelezo ya kuingia na kutoka kwenye mkao, ambayo ni mafupi na makini kuliko ya wengine wote.

Video nakubaliana nawe nusu. Tatizo si video, ni kuruka kutoka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine. Chagua mmoja, kaa naye miezi mitatu. Atakayekufaa utamtambua hivi: anakaa kwenye mkao mmoja dakika tano akieleza, anaonyesha mkao huo huo kwa mtu mgumu na kwa mtu mlaini, na anasema ufanye nini kama huna kifaa. Anayekupeleka mikao 20 kwa nusu saa huku matofali yapo pembeni kama urembo, hiyo ni vinyasa yenye jina jingine. Pakua video ukiwa kwenye Wi-Fi, itazame yote mara moja ukiwa umekaa na daftari, andika mambo matatu, kisha zima simu ufanye. Kufanya huku shingo imegeukia skrini kunaharibu mkao wowote wa kusimama.

Kilicho bora kuliko vyote hivyo ni darasa la moja kwa moja la mtandaoni, hata mara moja kwa wiki mbili. Walimu wa Iyengar wana cheti maalumu, na tovuti za vyama vyao, kama Iyengar Yoga (UK) na IYNAUS ya Marekani, zina orodha za walimu waliothibitishwa. Muulize kabla hujalipa: kamera zetu unaziangalia na unatusahihisha kwa majina, au unatangaza tu? Kama anatangaza tu, hiyo ni video ya bei ghali.

Angalia na saa. Pune iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu: darasa la saa 12 jioni kwao ni saa 9 na nusu alasiri Tanga, lakini la saa 1 asubuhi kwao ni saa 10 na nusu alfajiri yako. Uingereza iko nyuma yetu saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto, kwa hiyo darasa lile lile litahama saa moja ifikapo mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba.

Simu iweke mbali kama mita 3, kwa ubavu, kimo cha goti. Mwalimu anahitaji kuona miguu yako kuliko uso.

Kipepeo_Tanga

Asanteni sana, nimeandika yote. Seremala nitamwona kesho. Mawili yamebaki. Sarvangasana, ile ya kusimama kwa mabega, nikiwa peke yangu niianze lini na vipi? Na nimesikia madarasa yanafunguliwa kwa wimbo wa Kisanskriti. Mimi ni Mwislamu, nifanyeje?

BintiMvita

La pili kwanza, dada yangu. Madarasa mengi ya Iyengar hufunguliwa kwa Om na beti za kumsifu Patanjali, mwandishi wa zamani wa mafunzo ya yoga. Huchukua dakika moja au mbili. Andikia mwalimu mapema kwamba utakaa kimya wakati huo, au utaingia baada yake. Ni ombi la kawaida, halihitaji maelezo marefu. Ukifanya peke yako nyumbani, kaa tu wima dakika mbili uangalie pumzi, ndicho kinachohitajika kimwili kabla ya kusimama.

Sarvangasana: usiianze mpaka uweze kukaa dakika 5 kwenye Setu Bandha (daraja, kulala chali nyonga zimeinuliwa) na tofali chini ya mfupa wa kiunoni, ule bapa juu ya mpasuko wa matako, bila shingo wala koo kukaza. Kwa wengi hiyo ni kazi ya miezi. Ukifika hapo, kunja mablanketi manne yafanane, yapange juu ya mengine kingo zilizokunjwa zote upande mmoja, zikiwa sawa kama kurasa. Lala mabega yakiwa juu ya mablanketi, sm 5 kutoka kwenye ukingo huo, na kichwa kikiwa chini sakafuni. Mkanda ufunge kitanzi juu kidogo ya viwiko, upana wa mabega. Fanya karibu na ukuta, nyayo zikikanyaga ukuta na magoti yamekunjwa. Inua nyonga, viganja mgongoni, ukae hapo. Kunyoosha miguu juu ni hatua ya baadaye.

Kanuni ya pale: ukishapanda, usigeuze kichwa hata mtu akifungua mlango. Ukihisi shinikizo machoni, masikioni au kooni, au ganzi mikononi, shuka polepole. Kosa kubwa ni mablanketi kupungua kimo upande wa viwiko, ndipo mgongo unaporudi nyuma na uzito unahamia shingoni. Ukiona hivyo, weka blanketi moja lililokunjwa chini ya viwiko.

Siku za hedhi mikao ya kichwa chini haifanywi katika mtindo huu, pamoja na hii. Kaa na Supta Baddha Konasana (kulala chali nyayo zimekutana, magoti yamefunguka), mgongo juu ya ule mto wa sufi. Na asiifanye kabisa bila mwalimu mtu mwenye presha ya kupanda, glakoma, tatizo la retina au la shingo, wala mjamzito.

MtuWaMuttrah

Nimekubali hoja ya kitabu, ndugu yangu. Dada Kipepeo, nyongeza moja kwa hali ya hewa yenu ya pwani: mbao mbichi hujikunja kwenye unyevunyevu. Mwambie seremala atumie mbao iliyokauka vizuri, na ukifika nayo nyumbani weka tofali juu ya marumaru ulisukume kona kwa kona. Likicheza, mrudishie alirande upya kabla hujamlipa.